Bunduki Isiyo na Makeke

Wanaume wa Kaunti ya Tolliver wakichokwa na wake zao huenda dukani kwa Vernon Ames kuzungumza bunduki. Huegemea meza ya vioo tangu asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, tumbo mbele, na kila mmoja ana siri ya kumfundisha mwenzake kuhusu mtutu upi ndio mtutu. Corinne Hatchell aliwajua wote kwa magari yao. Kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi wa mabasi ya shule, na hakuna hata mmoja kati ya mabingwa wale ambaye hajawahi kumletea gari lililouawa na ushauri wa rafiki.

Jumamosi ile aliingia na dola mia saba, basi. Karakana ya mabasi ilikuwa inafungwa mwezi wa sita, na hakuna aliyekuwa anamsubiri kokote. Kilichobaki ni nafasi moja ya uaskari katika ofisi ya sherifu. Kaunti yenyewe ni maskini, haiwapi askari wake bunduki kubwa. Kila mtu hujinunulia yake, ile inayojijaza yenyewe kila unapofyatua, kisha huenda nayo kwenye mafunzo ya siku mbili ya Hobart Quill, sajini mstaafu, kule kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Waombaji walikuwa wawili. Atakayepata alama nyingi siku ya pili ndiye ataapishwa Jumatatu, na mwenzake aende zake.

Mwombaji wa pili alikuwa Travis Pogue, mume wa Noreen, mdogo wake Corinne. Na Travis, kwa bahati mbaya ya kila mtu, alikuwa pale pale kwenye meza ya vioo.

"Shemeji!" alipiga kelele, duka zima likageuka. "Umekuja kununua ya rangi ya waridi?"

Wazee wa kahawa wakacheka. Corinne alimpita akaiegemea meza. Alimwambia Vernon bei anayoiweza na akasema anataka iliyotoka kiwandani nzima, haijaguswa na mjuzi yeyote.

Vernon, ambaye alikuwa na adabu kuliko wateja wake, aliingia nyuma akarudi na bunduki iliyochubuka kila kona. Kikosi cha polisi cha mji fulani kilikuwa kimeuza za zamani kinunue mpya. Haikuwa na tochi wala darubini wala kikorokoro kingine, shabaha zake za chuma tu na mkanda wa kuvalia begani.

"Dola mia nne themanini," Vernon alisema. "Imebebwa sana, haijapigwa sana. Polisi hawa wanazungusha bunduki kwenye gari miaka kumi, wanafyatua mara mbili kwa mwaka."

Corinne aliisukuma misumari yake miwili, akaifungua, akakitoa kile kipande cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma ndani yake. Juu yake kuna kijibomba kidogo kinachopokea gesi ya risasi, kimeshikwa na skrubu mbili. Alikisogeza karibu na dirisha. Kingo za skrubu zilikuwa zimegongwa kwa tindo mpaka chuma kikazibana zisizunguke tena maisha.

"Naichukua hii," alisema. "Na magazini sita za kutilia risasi, risasi za kutosha siku mbili, na chupa ya mafuta."

"Magazini sita!" Travis aliwageukia wenzake. "Jamani, shem ananunua vibati badala ya bunduki. Hiyo kitu imekula chumvi kuliko bibi yangu."

"Travis, yako umeigonga zile skrubu?"

"Zipi?"

"Za juu pale. Juzi kwako nimeziona ziko laini. Nikakwambia."

"Ah! Nimetia gundi, shem. Gundi ya kisasa. Hayo mambo ya nyundo na tindo ni ya mabasi yako."

"Gundi ikipata moto inayeyuka."

"Haya, profesa."

Alikwisha kumwambia mara mbili, na mara ya tatu hakuwa nayo ya kumpa. Watu wa namna ya Travis huwa hawakosi maarifa. Maarifa wamejaa nayo hadi puani, ila yote ni ya kuokota.

Hebu tuitazame bunduki ya Travis, maana mwenyewe alitaka itazamwe. Aliiunda jikoni kwa Noreen, juu ya meza wanayolia chakula watoto. Mtutu aliununua huku, kifyatulio kule, kitako kwa jamaa mmoja aliyekutana naye kwenye maegesho ya magari. Akaifunga tochi, taa nyekundu, kioo cha shabaha chenye betri, mpini wa pili na miguu miwili ya kusimamia. Alikwisha kuimwagia dola elfu mbili na mia tatu, fedha za kiinua mgongo alichopewa kiwanda kilipomwachisha, na Noreen akiwa na mimba ya miezi saba. Akaipa jina: Tai Mweusi. Mtu mzima, mwenye ndevu, anaipa bunduki jina! Na huyo Tai tangu azaliwe alikuwa amepigwa risasi thelathini tu, mchana mmoja, nyuma ya banda la kuku, na mwenyewe akatangaza kwamba imepita mtihani.

Siku ya kwanza ya mafunzo, Ijumaa iliyofuata, walikuwa watu tisa. Wengine walikuja kwa kupenda tu, wawili hawa ndio waliokuwa na njaa ya kazi. Hobart Quill alikuwa mwembamba, sauti ya chini, jicho la kuwachoka watu. Alipita akiangalia silaha moja moja. Kwa Corinne alisimama, akaona ameandika namba kwa rangi nyeupe kwenye kila magazini, ili moja ikileta ukorofi ajue ni ipi aitupe.

"Nani kakufundisha hivi, Bi Hatchell?"

"Mabasi, sajini."

Kwa Travis alisimama muda mrefu zaidi.

"Hii ina uzito gani, bwana Pogue?"

"Inatulia mkononi, sajini. Haichezi."

"Sijakuuliza hilo," Hobart alisema, akapita.

Kufika mchana wa siku ya kwanza mikono ya Travis ilikuwa inatetemeka kwa kubeba mapambo yake. Mpini wa pili aliuvua mwenyewe kimya kimya akautia mfukoni. Miguu miwili ikafuata wakati wa chakula, wenzake wakijifanya wanaangalia mikate yao. Corinne aliona, akamega mkate wake akala kwa raha. Na tusimsingizie utakatifu: raha aliyoisikia ilikuwa kubwa, na hakuona haya nayo hata kidogo.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, ndipo mtihani ulipoanza. Risasi hamsini, umbali tofauti, saa ya Hobart ikihesabu. Bunduki ikigoma ni shauri lako, saa haisimami. Corinne alitangulia. Yake ilipiga hamsini bila kukohoa. Yeye ndiye aliyekosea, mara sita, nyingi za mbali, kwa sababu aliharakisha. Arobaini na nne. Alirudi nyuma ya mstari akijitukana moyoni.

Travis akaingia. Alipiga kumi za kwanza vizuri sana. Kisha Tai Mweusi akapiga moja, akanyamaza. Travis akavuta mkono wa chuma kwa nguvu, akapiga moja, ikanyamaza tena. Gundi ilikuwa imeanza kuyeyuka tangu asubuhi, skrubu zimelegea, gesi inapotea pembeni, na ile silaha ya dola elfu mbili na mia tatu ikawa ya kupigwa risasi moja moja kama ya babu yake wa tatu. Akaitukana. Akaipiga kofi. Mtu mmoja nyuma aliguna, akajifanya anakohoa.

"Simama," Hobart alisema. "Weka chini."

"Sajini, ni risasi hizi, nimeuziwa mbovu—"

"Weka chini, bwana."

Pale machimboni kulikuwa na desturi: silaha ikimfia mtu katikati ya mtihani, anaweza kuuanza upya mara moja kwa ya kuazima, ikiwa kuna anayekubali kumwazima. Hobart aliwauliza watu kwa macho. Wale saba wengine walianza kukagua kamba za viatu. Hakuna aliyetaka kumpa silaha yake mtu aliyeipiga yake kofi.

Travis akamwendea Corinne. Uso ulikuwa umemwiva.

"Shem. Nisaidie."

"Bunduki iliyokula chumvi?"

"Acha bwana. Noreen yuko miezi saba. Usimfanyie hivi."

Angalia alivyo mwepesi, Corinne aliwaza. Pesa alipozimwaga mimba ya Noreen hakuiona. Leo anaiona. Alimdharau hadi meno yakamuuma. Lakini hakutaka kuingia kazini huku kaunti nzima ikisema alimshinda mtu aliyeshika chuma mfu.

"Leta karatasi, sajini," alisema.

Hobart alileta karatasi ya kuazimana, mwenye silaha anasaini na anayeazima anasaini. Ilikuwa na mistari minne. Corinne aliisoma yote akiwa amesimama, na wa tatu akausoma mara mbili. Ulisema kwamba anayefaulu amefaulu na bunduki yenye namba hiyo peke yake, na siku ya kuapishwa atakuja nayo ikiwa mali yake. Asipokuwa nayo, nafasi inakwenda kwa anayemfuata, naye asubiri mafunzo ya vuli. Akasaini.

"Soma kwanza," Hobart alimwambia Travis.

"Nimeelewa, nimeelewa," Travis alisema, akaiweka karatasi juu ya paja akachora jina lake pasipo kuinamisha kichwa.

Corinne angeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini alikuwa amekwisha kumwambia habari ya skrubu mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa kwa kicheko.

Sasa, tuseme ukweli, maana nao una haki yake: Travis alijua kulenga. Mikono ilipopumzika, akapewa bunduki nyepesi isiyo na makeke, alilenga vizuri kuliko Corinne. Arobaini na sita. Duara zima likampigia makofi, na yeye akainua bunduki ya watu juu ya kichwa.

"Mnaona?" alisema. "Si bunduki. Ni mtu!"

Akamrudishia Corinne bila asante. Corinne akaipangusa, akaitia mafuta, akaifungia kwenye mkoba wake, akaenda nyumbani.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, gari la Travis lilisimama uani kwake. Bila shaka sherifu alikuwa amempigia kumpongeza na kumsomea mstari wa tatu. Alishuka amevaa tai ya kanisa, tabasamu limebandikwa.

"Shem, mambo ya karatasi haya, unajua tena. Nikupe mia sita?"

"Siuzi."

"Mia nane. Ni takataka ya mia nne themanini ile!"

"Basi kanunue takataka nyingine kwa Vernon."

"Ni namba! Wanataka namba ile ile!" Tabasamu lilikuwa limebanduka. "Ulijua, wewe. Ulijua tangu mwanzo."

"Nilisoma, Travis."

"Una roho mbaya. Ndiyo maana huna mume."

"Mume nimemwona, kwa mdogo wangu. Asante, nimeshiba."

Alitukana mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka, kisha akaondoka kwa kishindo akauacha ukingo wa bustani na alama za magurudumu. Corinne alibaki kibarazani na glasi ya chai ya baridi asiyoinywa. Kwa Travis hakuona huruma, hata ya kuazima. Lakini alijua simu itakuja, na hiyo ndiyo aliyoiogopa. Noreen akiomba, je? Noreen akilia, na tumbo lile, na watoto wawili nyuma yake, na akiba imekwisha? Alikwisha kujua kwamba kwa Noreen angeitoa, na karakana ikifungwa angekwenda kuosha vyombo kwenye mgahawa wa barabarani.

Simu ikaja.

"Amefika hapa anavunja milango," Noreen alisema. "Anasema umemwibia kazi."

"Noreen, sikia—"

"Ulijua kilichoandikwa?"

"Nilijua."

"Na yeye hakusoma."

"Alisaini juu ya paja."

Upande wa pili kabati lilifungwa kwa nguvu, mtoto akauliza kitu, sauti ya mwanamume ikamfokea anyamaze. Corinne alifumba macho akalisubiri ombi.

"Miaka tisa nimeishi naye hana hata beji," Noreen alisema kwa sauti ya chini sana. "Akiipata atatufanyaje? Usimuuzie. Kesho nikikupigia nalia, ujue amesimama karibu. Usimuuzie."