Polo la Pili

Nakutegea wewe uliyeshika karatasi hii, na usimtazame wa pembeni. Nina mgeni nyumbani. Hali, hanywi, hapigi hodi, analala chini ya mto wa mjukuu wangu, na tangu aingie hakuna kazi inayokwisha kwa wakati wake. Nani huyo?

Ukishindwa nipe mji, na usinipe Wete, maana Wete nimeshapewa mara nyingi hata sina pa kuuweka.

Mgeni ni kitabu. Kilikuja hapa Mtambile ndani ya mkoba wa Saada, binti wa mwenye duka la hapo njiani. Saada kaletewa na shangazi yake kutoka Dar. Ni hadithi ya vijana, na huko kinagombaniwa kwa zamu. Jalada lake la kijani, na msichana kachorwa katupa mgongo. Kilipofika kwetu kilikuwa kimeshapita mikono saba, kona zote zimekunjika kama sambusa.

Sasa, huu ni msimu wa karafuu. Mwanangu Talib hupanda juu ya mikarafuu kuchuma tangu asubuhi, na jioni huleta mapolo uani, magunia ya karafuu mbichi. Sisi wa chini tunakaa juu ya jamvi tunachambua, karafuu huku, makonyo, vijiti vyake, kule. Ni kazi ya vidole, mdomo hauna shughuli. Basi vijana wakapatana hivi: mmoja asome kwa sauti, wengine wachambue, na fungu la msomaji wamchambulie wao. Msomaji alikuwa mjukuu wangu Khairat, binti wa Talib, yuko kidato cha tatu. Mama yake yuko Unguja anauguza, kwa hiyo nyumba tumebaki watatu. Saada alikuja kwa sababu hakubali kitabu chake kiende pasipo yeye. Usama, mtoto wa ami yake Saada, alikuja kwa kubisha tu.

Mie nilisoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo. Nilikaa juu ya kibao changu mwisho wa jamvi, nikijitia sisikilizi.

Kisa chenyewe nikupe kwa ufupi usije ukapotea. Zaina na Nuriya ni marafiki, wanakaa dahalia moja, bweni la skuli. Karatasi za mtihani zikaibwa. Nuriya alimuona mwizi kwa macho yake, lakini mwalimu mkuu alipouliza mbele ya wote, akanyamaza. Zaina, ambaye hana kosa, akafukuzwa.

"Huyu Zaina hanipendezi," Saada akasema, akitupa konyo. "Kila akilia, analia vizuri. Chozi moja tu, linateremka shavuni. Mie nikilia natoka makamasi mpaka kwenye mtandio."

"Wataka kitabu kizima cha makamasi?" Usama akamuuliza.

"Nataka mtu, we! Angempa hata kikohozi."

"Mie siamini hata kidogo. Kafukuzwa Jumatatu, Ijumaa kashapata kazi kwenye gazeti. Baba mdogo ana cheti, mwaka wa tatu huu, kazi yake kukaa barazani."

Khairat akainua uso kutoka kitabuni. "Na pale alipofunga begi? Alipoikunja sare akaiweka juu ya kitanda, akairudia tena akainyoosha? Mbona hukubisha? Ulikaa na karafuu mkononi kama umepigwa na radi."

"Nilikuwa natafuta konyo."

"Konyo lilikuwa mdomoni mwako!"

Tulicheka. Na mie nikajisahau nikasema, "Huyo Nuriya ningempata, hata maji ya kunawa nisingempa. Anamuona mwenziwe anaadhibiwa, na ulimi anao!"

"Bibi kashaingia!" Saada akapiga makofi.

"Sijaingia. Nachambua."

Lakini nilikuwa nimeshaingia, tena mpaka shingoni. Nikikoroga uji nawaza Zaina atakula wapi. Nikitia udhu namkumbuka Nuriya, nakosha tena uso niliokwisha kuukosha.

Khairat mwenyewe alikuwa na lake. Jumamosi ile palikuwa na mkutano wa vijana wasomaji kule Chake, na kila skuli ilipeleka mmoja asimame atoe maoni yake juu ya kitabu hicho. Skuli yao ikamchagua yeye. Khairat wangu, ambaye akiulizwa jambo mbele ya watu hutazama vidole vya miguu! Siku kumi nzima nilimsikia jikoni akiuhutubia ufagio. Alikuwa haogopi tena. Nilimuona mgongo umenyooka, nikashukuru.

Jumatano Talib akaleta mapolo mawili. Akayaweka uani, akanawa, akavaa kanzu.

"Nakwenda kwenye khitma Kengeja, nitalala huko," akasema. "Yachambuliwe yote mawili leo. Polo lisilale."

Kama hujui, nikujuze. Karafuu mbichi zikilala ndani ya polo zinapata moto zenyewe kwa zenyewe. Asubuhi zishalainika, na ukizianika zinatoka nyeupe, nyepesi, zimenywea. Mtu kapanda mti mchana kutwa, na kazi yake imekwenda na maji.

Tukachambua la kwanza likaisha. Jua lilikuwa linashuka. Khairat akafika pahala Nuriya kasimama nje ya mlango wa Zaina, anagonga. Zaina ndani kaisikia sauti, kaijua. Mkono kashauweka juu ya komeo. Khairat akafunga kitabu.

"Bibi, polo la pili."

Saada alikuwa kashika shavu. Usama, bwana mbishi, kakodoa macho. Na mie, mwanamke mwenye wajukuu, nikasikia nafsi inaniwasha kama niliyekaa juu ya siafu.

"Liacheni," nikasema. "Tutalichambua asubuhi. Soma."

"Baba kasema yote mawili, Bibi."

"Baba yako nimemzaa mie. Soma, mtoto, usinipasue moyo."

Akasoma. Sikwambii kama Zaina alifungua, kitabu kipo, kakitafute. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, na kila mtu akaenda kwao anabisha njiani.

Asubuhi mvua ikapiga ghafla. Watoto walikuwa wameshakwenda skuli. Nikakimbilia kuingiza zile za jana zilizokuwa juu ya jamvi, nikahangaika na turubai, nikaja kukaa nimelowa. Lile polo lilikuwa nyuma ya mlango wa ua. Sikulikumbuka, na hata ningelikumbuka, muda wake ulikuwa umeshapita.

Talib akaingia adhuhuri, watoto nao ndio wanarudi skuli, na wale wawili wamefuatana na Khairat kama kawaida. Akaliona polo. Akalifungua, akatia mkono, akautoa haraka kama aliyeutia ndani ya sufuria ya wali. Akalimwaga chini. Mvuke ulitoka.

Talib hapigi kelele. Angepiga ingekuwa nafuu.

"Nani kasema polo liachwe?"

Sikiliza, nikwambie kitu ambacho watoto hawakukijua. Talib alipokuwa na miaka kumi na minne alikwenda kucheza mpira akalaza polo. Sikumpiga. Nilimnyima Idi. Watoto wote wa mtaa wamevaa vipya, yeye nimemvalisha shati la shamba lenye utomvu, na nikamkalisha barazani watu wampite. Watu wakaniita mama asiyelaza polo, na nikalipenda jina hilo. Mpaka leo wanawake wakikosana juu ya karafuu huja kuniuliza mie.

Ndio maana mdomo ulifunguka na sauti haikuja.

Usama alitaka kusema. Nilimuona kifua kinapanda. Khairat akamkanyaga mguu. Kisha akatazama vidole vyake vya miguu, kama zamani.

"Khairat," Talib akasema, "wewe ndiye msomaji. Ni wewe?"

Mtoto hakusema ndiyo wala siyo.

"Sawa. Kitabu nipe. Mpaka nijibiwe, kitakaa kwangu, na Jumamosi Chake hendi mtu."

Akakitia mfukoni mwa kanzu, akaanza kuzikusanya zile karafuu moja moja, hata zilizobonyea.

Alhamisi hiyo nilifagia ua mara nne. Nikatia chumvi ndani ya chai. Nikaenda kwa jirani kuomba pilipili, nikafika nikaomba sindano, nikarudi bila ya vyote viwili. Nikikaa, naona nimekaa juu ya kitu. Nikisimama, sijui nakwenda wapi. Mara mbili nilimfuata Talib mpaka mlangoni mwa chumba chake. Mara ya kwanza nikamuuliza kama kala. Mara ya pili nikamuuliza hilo hilo.

"Nimekula, Mama. Umenipa mwenyewe."

"Ah, kweli."

Khairat hakuninunia. Hilo ndilo lililonichoma. Alinitilia maji ya kukoga, akanipaka mafuta miguu.

Ijumaa baada ya alasiri wale wawili wakaja. Kitabu hakuna, lakini mikono ina kazi, tukakaa juu ya jamvi kama kawaida. Nikaona niwategee.

"Haya, kaingia nyumba nzima bila ya hodi, na hakuna aliyemkaribisha. Nani?"

Siku nyengine wangerukiana. Usama akajibu chini chini, "Harufu ya karafuu," akaendelea kuchambua. Khairat hakuinua uso.

Saada akamgeukia. "Kwani ungesema nini huko Chake? Tuambie sisi basi, tufanye ndio Chake."

"Sina hamu."

"Anaogopa," Usama akasema. "Angesema Zaina ni mzuuuri, Zaina ni jasiri, kwisha."

"Kwanza nisingemtaja Zaina." Khairat akaweka konyo chini. "Ningesema juu ya Nuriya. Nyote mnamtukana Nuriya, hata Bibi. Mie namuona mwandishi hakumuonea wala hakumpendelea. Nuriya si mtu mbaya. Kaulizwa mbele ya watu, kaona haya, dakika ikampita. Kisha kila akitaka kusema anaona kashachelewa, na kila akichelewa inakuwa nzito zaidi. Hapo ndipo kitabu kina ukweli. Hayo ya gazeti na machozi mazuri, mie nayaruka."

"Lakini mwenziwe anaumia!" Usama akapaza sauti. "Unamtetea mnafiki?"

"Simtetei. Nasema namjua."

"Unamjua wapi?"

Saada akamtazama Usama, akanitazama mie, akashusha macho. Usama naye akaelewa, akajifanya anakohoa.

Mie niliinuka. Nikasema naona mbuzi wa watu kaingia kwenye mihogo. Hapakuwa na mbuzi. Nilisimama nyuma ya nyumba baina ya mihogo, nashika majani yake moja moja, mpaka nikasikia wanaagana.

Jumamosi ilikucha na jua kali. Buibui la Khairat lilikuwa limepigwa pasi tangu Jumatano, linaning'inia kwenye msumari. Yeye alikuwa uani anasugua masufuria, na yalikuwa masafi. Talib yuko upande wa pili anazigeuza karafuu juu ya jamvi kwa miguu, taratibu, anakwenda na kurudi.

Saada akaingia mbio, kavaa, kajipaka hina.

"Khairat! Gari ya mwalimu ishafika hapo dukani. Wanasema dakika kumi, wanaondoka."

Khairat akajifuta mikono. Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa.

"Chukua. Wasomee wewe."

"Mie? Hayo si maneno yangu."

"Sema ya kwako basi. Au usiseme ya nani. Chukua tu, Saada, usinilize."

Saada akaipokea kwa ncha za vidole. Akanitazama. Mtoto wa watu, mwenye adabu zake, aliniangalia kama anayenifungulia njia nipite. Kisha akageuka akaanza kutoka, polepole, huku akitazama nyuma.

Nikasikia gari inapiga honi njiani.

Sijui niliinukaje. Nilijikuta nakwenda na ndara zangu miguuni, nimeingia moja kwa moja juu ya jamvi, nazikanyaga karafuu zinalia chini yangu, jambo ambalo sijapata kumruhusu mtu katika nyumba hii.

"Mama, ndara!" Talib akashtuka. "Una nini?"

Khairat kasimama na sufuria mkononi. Saada kasita mlangoni. Honi ikalia tena.

"Mie, Talib," nikasema. "Mie ndiye niliyesema polo liachwe. Mtoto alinikataza, sikumsikia. Na ulipouliza nilikuwepo pale, mwanangu, nikakuogopa."