Wiki ya De Haan kwa Jina la Irma

Jumamosi, saa tisa alasiri. Kwenye kibao cha kengele cha nyumba moja nyuma ya basilika ya Koekelberg kulikuwa na majina mawili: Raoul Mertens na Irma Claes. Euphrasie aliyasoma yote mawili kabla ya kubonyeza, na akaridhika. Mtu mwenye mke, na mwenye jina lake mlangoni, hawezi kutoweka kirahisi.

Yule wa kwanza alitoweka. Alijiita Florian, na alikuwa na tangazo mtandaoni: anakodisha pointi zake za klabu ya likizo. Mwanachama wa klabu ya namna hiyo hununua pointi mara moja, hulipa ada kila mwaka, na kila mwaka huzibadilisha kwa siku za kukaa katika nyumba za klabu. Asipozihitaji, humwekea mtu mwingine nafasi kupitia akaunti yake, na mtu huyo humlipa. Bei huwa chini ya nusu ya hoteli. Ubaya wake ni kwamba mgeni hana mkataba wowote na klabu. Anachokuwa nacho ni neno la mwenye pointi.

Florian alituma picha ya uthibitisho wa nafasi na kutaka pesa zote kabla ya jioni. Euphrasie hakuitumia namba ya simu iliyokuwa kwenye picha ile. Aliitafuta mwenyewe namba ya jengo, akapiga, akaambiwa nafasi yenye namba ya uthibitisho ule haipo. Alipomwandikia Florian hivyo, alijibiwa kwa tusi moja, kisha akaunti ikafutwa.

Kujihadhari hakukumgharimu kitu, ila siku zilikuwa zinapungua. Binti yake, Laetitia, aliishi Montreal. Mara ya mwisho alipokuja Brussels alifikia kwa mama yake huko Anderlecht, katika chumba kimoja chenye kitanda, meza na jiko ukutani. Usiku wa nne waligombana juu ya taa: mmoja alitaka izimwe, mwingine alikuwa ananyonyesha. Hapakuwa na mlango wa kufunga kati yao. Laetitia alimchukua mtoto akaenda hotelini, na siku zilizobaki walizungumza kwa simu tu, wakiwa katika mji mmoja. Miaka mitano ilipita. Mwaka huu alisema angekuja wiki ya Pasaka na watoto wote wawili, kwa sharti moja alilolitaja bila hasira: vyumba viwe viwili.

Tangazo la Raoul lilikuwa la nyumba ya vyumba viwili huko De Haan, kando ya bahari. Liliandikwa kwa Kifaransa, isipokuwa mstari wa mwisho: *Tunasema Kiswahili. Karibu nyumbani.*

Ngoy, aliyefanya kazi naye katika hospitali moja ya Jette, kwenye chumba cha kusafishia vifaa vya upasuaji, alicheka aliposomewa mstari huo. "Mwizi wa siku hizi anasoma luga yote, maman," alisema. "Hata Kiswahili ya bamisionari." Euphrasie alimjibu kwamba mwizi hamkaribishi mtu nyumbani kwake.

Raoul alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini, mrefu, amevaa sweta iliyopigwa pasi. Kwenye ndoano nyuma yake kulikuwa na koti la mwanamke, la buluu. Alimwita maman Euphrasie kabla hajaambiwa amwite vipi, akauliza kwao Bukavu, mashariki ya Kongo, ni mtaa gani, na aliposikia Kadutu alitaja ngazi, soko na kanisa kwa mpangilio sahihi. Alikuwa amesimamia mashamba ya chai upande wa Walungu tangu ujana hadi alipoondoka. Irma, alisema, hakuwepo.

Meza ilikuwa imeandaliwa. Sombe, majani ya muhogo, alikuwa ameinunua Matonge, mtaa wa maduka ya Kiafrika, na kuipika mwenyewe, na chumvi haikutosha. Euphrasie alikula. Walizungumza muda mrefu kuhusu mvua, kuhusu barabara ya Kavumu, kuhusu watu ambao kila mmoja aliwajua nusu. Aligundua kwamba tangu Krismasi hakuwa ameketi kwenye meza ya mtu.

Baada ya chai Raoul alifungua kompyuta. Akaunti ya klabu ilikuwa ya kweli na pointi zilikuwepo. Aliweka nafasi mbele ya macho yake, wiki ya Pasaka, vyumba viwili, akaandika jina la Euphrasie kwenye sehemu ya mgeni. Uthibitisho ulifika kwenye simu ya Euphrasie wakiwa bado mezani. Euphrasie alisema atalipa nusu baada ya kuzungumza na jengo, na nusu atakapopewa ufunguo. Raoul alisema ni sawa. Hakuulizia pesa tena.

Kitu kimoja Euphrasie hakukiomba. Alipaswa kuona kitambulisho cha Raoul na kukilinganisha na jina la mwanachama kwenye akaunti. Swali hilo alimuuliza Florian katika ujumbe wa kwanza kabisa. Lakini mzee aliyekupakulia chakula kwa mkono wake, anayekuita maman, humwombi karatasi mezani pake. Kwao haifanywi. Aliondoka bila kuomba.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alipiga simu De Haan kwa namba aliyoitafuta mwenyewe. Aliyepokea alijitambulisha kama Joke, wa mapokezi. Nafasi ipo, alisema, na jina la mgeni ni sahihi. Linabaki jambo moja. Kwa sababu ya udanganyifu uliozidi, klabu sasa inamtaka mwanachama mwenyewe apige simu na kukubali jina la mgeni. Mwanachama ni Bi Irma Claes. Asipopiga hadi Ijumaa jioni, nafasi inajifuta.

Jioni ile Euphrasie alimpigia Raoul. Raoul alisema Irma amelala, atapiga kesho. Jumanne alisema Irma ametoka. Jumatano hakupokea.

Kazini, sinia la vifaa linapotoka kwenye mashine ya kuua vijidudu huwa na ukanda mdogo wa karatasi ndani. Ukanda ukiwa umebadilika rangi, sinia linapita. Usipobadilika, linarudi, hata kama vifaa vinang'aa na daktari anasubiri juu. Hakuna anayeuliza kama pengine ni visafi. Alhamisi mchana Euphrasie alirudisha sinia moja la namna hiyo, akavua glavu, akapanda tramu kwenda Koekelberg.

Koti la buluu lilikuwa mahali pake. Hakuketi.

"Papa Raoul, madame iko wapi?"

Raoul alitazama koti kabla ya kujibu. "Kule makaburi ya Jette," alisema. "Iko miaka mbili sasa."

Alieleza bila kuulizwa zaidi. Pointi zilikuwa za Irma peke yake. Alizinunua kwa urithi wa mama yake, na jina la Raoul halikuwahi kuandikwa humo. Alipofariki, Raoul hakuijulisha klabu. Nywila aliijua, ada aliendelea kulipa. Kila Januari klabu ilimtumia Irma salamu za mwaka mpya kwa jina lake, na hakuna mwingine aliyekuwa bado anamtumia salamu. Tangazo aliliweka majira ya baridi yaliyofuata. Watu walikuja, walikula, walizungumza Kiswahili. Kisha nafasi ilijifuta yenyewe na wao hawakurudi.

"Wewe uko wa tano," alisema. "Sikukulaka franga ya mutu, maman. Hata moja."

"Franga hapana," alisema Euphrasie. "Ulikula siku zangu. Pasaka inafika, nyumba ingine nitaipata wapi?"

Raoul alikubali kwa kichwa. Kisha akasogeza simu ya mezani kuelekea upande wa Euphrasie.

"Bon. Inaweza kutengenezeka. Wewe uko mwanamuke. Utasema: ni mimi Irma, nakubali. Siku ya kuzaliwa nitakupatia. Dakika mbili tu, maman, c'est tout. Irma hangekataa. Alipenda watoto."

Euphrasie aliitazama simu. Aliyapima mambo jinsi yalivyokuwa. Pointi zilikuwepo na ada ilikuwa imelipwa. Hakuna ambaye angeibiwa. Joke hakujua uso wa Irma, na huenda hakuijua sauti yake. Uwezekano mkubwa ni kwamba ingefaulu, na Jumamosi kuu Laetitia angefungua mlango wa chumba chake na kuufunga, watoto wangelala, na asubuhi wangeamka wote chini ya paa moja. Alikitaka kitu hicho kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu atoke Bukavu.

Upande wa pili kulikuwa na mambo mawili. Klabu ikigundua katikati ya wiki, wangetolewa nje na mizigo, na Laetitia angeondoka tena, safari hii akiwa na sababu ya kweli. Na hata kama isingegundua kamwe, nafasi ile ingekuwa sawa na ya Florian: jina juu yake, na nyuma ya jina hakuna mtu.

Alirudisha simu upande wa Raoul.

"Hapana, papa. Piga wewe. Sema alikufa."

"Sijasemaka ile kwa simu."

"Najua. Niko hapa."

Hapo ndipo alipoketi. Raoul alivaa miwani, akabonyeza namba moja moja. Joke alipopokea, alijitaja jina, akasema kwa Kifaransa kwamba mke wake amefariki, akataja mwezi na mwaka. Joke alitoa pole. Alieleza kwamba akaunti inafungwa mpaka warithi walete hati, na kwamba nafasi zote zilizo wazi zinafutwa. Ujumbe wa kufutwa ulifika kwenye simu ya Euphrasie kabla Raoul hajakata.

Mlangoni Raoul aliuliza kama angekuja Jumamosi. Sombe ilikuwa imebaki. Euphrasie alisema hajui, na ilikuwa kweli kwamba hakujua.

Usiku alimwandikia Laetitia mambo yote kwa mfuatano, pamoja na kitambulisho ambacho hakukiomba. Hakuomba radhi mara mbili na hakujitetea. Jibu halikuja siku ile wala iliyofuata. Alitafuta nyumba nyingine. Zilizobaki zilikuwa za bei asiyoiweza, au za watu waliotaka pesa zote kabla ya jioni.

Siku ya tatu Laetitia alipiga.

"Watoto sitakuja nabo," alisema. "Watabakia na baba yao. Nitakuja siku mbili. Nitalala hoteli ya karibu na aéroport."

"Ni sawa."

"Na ule papa, haukumulipa kitu?"

"Hapana."

"Alikuomba useme uko bibi yake, ukakataa."

"Ndiyo."

Euphrasie aliangalia kioo kuona kama simu imekatika.

"Bon," alisema Laetitia. "Nilitaka kujua tu."

Tangazo la Raoul liliondolewa juma lile. Simu yake iliita mara mbili. Ya kwanza Euphrasie hakupokea. Ya pili alipokea, wakazungumza kuhusu bei ya sombe Matonge na kuhusu hati ambazo wakili wa mirathi alizitaka. De Haan haikutajwa, wala Jumamosi.

Jumamosi kuu alifika uwanja wa ndege wa Zaventem mapema, akasimama nyuma ya kizuizi kati ya watu walioshika maua na vibao vya majina. Yeye hakushika kitu. Saa mbili na dakika kumi asubuhi ubao ulionyesha kwamba ndege ya Montreal imetua.