Picha za Kifuniko

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe, stuli, feni na kioo kidogo cha kujitazamia. Mwenye studio, mwanamke, alipiga picha za pasipoti na vitambulisho, na kwa kuwa kauli yake ilikuwa ile ile kutwa nzima, wateja walimbatiza Kidevu Juu. Kidevu juu. Usicheke. Masikio yote mawili yaonekane. Macho wazi, mzee wangu, hii si picha ya kulala. Picha yenye macho yaliyofumbwa haikubaliki popote, na Kidevu Juu aliwahi kumrudisha bwana mmoja kwenye stuli mpaka yule bwana akatokwa na machozi kwa kukodoa.

Mdogo wake wa kiume alipofariki, usingizi ulimhama. Wengine wakifiwa hushika dini, wengine hushika chupa. Yeye alishika nyota. Alinunua mkoba wa mgongoni, akatia ndani kamera yake ya kazini, lenzi pana ya mtumba, stendi ya miguu mitatu, na kimashine kisichozidi mkebe wa majani ya chai, ambacho kazi yake ni kuizungusha kamera taratibu ifuatane na mwendo wa nyota. Bila hicho nyota huburuzika, picha ikajaa mikwaruzo. Mama yake alikigeuza geuza, akauliza kinakula nini. Alipoambiwa betri, alisema haya, bora nyota kuliko pombe.

Siku zisizo na mbalamwezi walitoka pamoja, giza likishaingia, hadi uwanja ulioko nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo taa za mtaa hazikufika. Mama alibeba kiti chake cha plastiki. Mwanzo ulikuwa wa aibu tupu. Mara stendi haikukazwa, mara kimashine kimeelekezwa siko, nyota zote zikatoka na mikia. Siku aliyopata anga zuri, Kidevu Juu alirudi studio akaanza kuisafisha picha kama alivyozoea kusafisha nyuso za watu, kidole kikienda chenyewe, chunusi baada ya chunusi. Alipozinduka alikuwa ameshazifuta nyota zote za Kilimia na nusu ya ule ukanda wa Njia Nyeupe.

"Angalau limetakata," mama alisema. "Linaweza kupata pasipoti."

Ndipo alipojifunza habari ya picha za giza. Kamera ikiachwa wazi kwa muda mrefu hupata joto, na joto huzua vidoadoa ambavyo si nyota. Dawa yake ni kuifunika lenzi kwa kifuniko chake na kupiga picha nyingine kadhaa, za muda ule ule. Hizo hutoka nyeusi tii, zina vidoadoa tu. Kompyuta huzichukua, ikatoa giza lile katika picha za nyota, na kinachobaki ni anga safi. Kidevu Juu alifuata maelekezo neno kwa neno. Alipiga nyota, akafunika lenzi, akapiga giza, akarudi studio kuzifungua. Katika zile za giza alikuwemo mdogo wake.

Alisimama mbele ya mlango wa mbao, kwa ndani, amevaa ovaroli ya kiwandani, mkono ameuinua. Picha ilikuwa na chengachenga, kama picha yoyote ya gizani. Kidevu Juu alisogeza kiti akaikagua kama anavyokagua kazi ya mteja. Masikio yote mawili yalionekana. Kidevu kilikuwa juu. Macho yalikuwa wazi.

Alipofika kwenye macho aliangua kilio, akalia hadi kwikwi zikamshika.

Mdogo wake alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro. Stoo iliungua wakati wa zamu ya usiku, naye akafa kwa moshi. Ripoti ya kiwanda ilisema mlango ulikuwa wazi, ila marehemu alikuwa amelala juu ya mzigo, hakusikia kitu. Meneja aliileta msibani kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na godoro jipya la pole. Tangu hapo Kidevu Juu aliyaegemea maneno hayo mawili, hakusikia kitu, na aliamini kwamba mama naye alikuwa ameyaegemea.

Alijifuta uso, akaikuza picha. Katika upenyo kati ya mbao mbili za mlango ulionekana mnyororo umepitishwa kwa nje, umekazwa. Akazipitisha picha zote za giza, moja baada ya nyingine. Mkono ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Mdogo wake alikuwa anagonga.

Kompyuta ilimuuliza kama itoe giza. Angekubali, anga lingebaki safi na mdogo wake angeondoka pamoja na vidoadoa. Alikataa, akafunika skrini kwa kanga, na kwa siku kadhaa akamwambia mama kwamba kamera ni mbovu. Hakuwa na moyo wa kumnyang'anya mama yake kile kitulizo kimoja alichobakiwa nacho.

Lakini mama hakuwa mtu wa kuambiwa kamera ni mbovu huku akiona wateja wanatoka na picha zao mkononi. Alikuja studio, akaiondoa kanga, akaketi kwenye stuli ya wateja.

"Mbona amekonda hivi?" aliuliza.

"Mama, usimwangalie, tafadhali."

"Nimemzaa mimi, nisimwangalie?" Alisogea karibu zaidi. "Huyu yuko macho."

"Walisema alikuwa amelala."

"Walichosema nakijua. Mwanangu hakuwahi kulala kazini hata siku moja. Hata homa ikimpata alisimama. Wamemfungia, akafa, halafu wakamwita mvivu!" Mama alipiga goti lake kwa kiganja. "Lile godoro lao lipo ukutani na nailoni yake. Umewahi kuniona nimelilalia?"

Kidevu Juu hakuwahi kumwona. Alidhani mama analitunza.

Waliichapisha picha kubwa, wakaipeleka kiwandani. Meneja aliwapokea vizuri, akaagiza viti, akaitazama kwa makini.

"Mlango huu tulishaubadilisha," alisema.

"Kumbe unaujua," mama alisema.

Meneja aliigeuza picha akatazama nyuma yake, palipokuwa peupe. "Ilipigwaje hii?"

Kidevu Juu hakuzoea kusema uongo katika mambo ya kazi. "Lenzi ikiwa na kifuniko."

"Aaa, basi." Meneja alishusha pumzi. "Dada yangu, wewe ni fundi, usinifanye mtoto. Kamera iliyofunikwa haioni kitu. Nikiipeleka hii mbele ya wakubwa watanicheka. Ripoti itabaki ilivyo." Akaitazama tena picha, safari hii kwa huruma. "Alikuwa kijana mzuri. Naona bado amevaa ovaroli yetu. Kwa utaratibu ingerudishwa, lakini hiyo tumesamehe."

Aliamuru wapewe godoro lingine. Mama alimwambia ahsante, la kwanza bado jipya.

Walipotoka walipita mbele ya stoo mpya. Mlango ulikuwa wa chuma, wenye rangi ya buluu iliyokuwa haijakauka sawasawa. Kwenye kishikio ulining'inia mnyororo na kufuli lililo wazi. Bawabu aliona wanautazama.

"Ni kwa ajili ya wizi, mama," alieleza. "Wa usiku wakishaingia tunafunga. Asubuhi tunawafungulia."

Jioni nyingine isiyo na mbalamwezi walirudi uwanjani. Kidevu Juu alipiga nyota zake, kisha akaweka kifuniko. Kabla picha haijaisha, mama aliinuka kwenye kiti chake, akakunja kidole, akagonga kifuniko. Ngo, ngo, ngo.

"Tupo hapa nje, baba," alisema.

Kidevu Juu, ambaye alikuwa amekemea mji mzima usitikisike mbele ya kamera, aliiacha kamera itikisike. Walipoifungua picha ile, mdogo wake alikuwa ameushusha mkono, amelaza sikio mlangoni. Kidevu Juu alijaribu pia kung'oa kifuniko ghafla, picha ikiwa katikati. Zilitoka nyota tu.

Picha zake za anga zina chengachenga hadi leo, maana hakubali giza litolewe. Wanaoijua kazi humwambia amesahau hatua moja, naye hujibu kwamba anajua. Mama hugonga kifuniko, akasimulia ya nyumbani, nani kaoa, nani kahama, paa linavuja wapi. Kisha hukunja stendi na kiti, wakarudi kwa njia ya kiwandani, wakati zamu ya usiku inaingia.

"Shikamoo, mama," bawabu husema, huku akiupitisha mnyororo kwenye vishikio.

"Marahaba," mama huitikia, kisha husimama hapo kidogo, akisikiliza.