Chokaa ya Chumba cha Bi Harusi

Mtoro wa Mbwera alikuwa fundi wa kupaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa mashua tumboni ili wadudu wa majini wasizitafune. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani, na yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukwambia. Alinyoosha mikono ubavuni mwa chombo, akahesabu pima zake, akataja kiasi cha chokaa, na kikatosha. Mtu aliyezoea kupatia kila siku ni mgumu kuambiwa neno.

Mwanawe Bashiru alipomposa Siti, binti wa kijiji cha Mbuchi, Mtoro aliwaahidi wakwe kwamba bi harusi ataingia chumba cheupe pe, kuta zote, kama banda analolala Bwana Shauri wa Kiingereza akija mambo ya kodi. Wakati huo nyumba zetu zilikuwa za miti ya mikoko na udongo, na chumba cha chokaa kilikuwa habari ya kusimuliwa. Basi heshima yake yote akawa ameiweka rehani.

Akapima chumba kama apimavyo mashua. Alipotaja madebe ya kununua, mkewe Sikudhani, ambaye ndiye aliyekandika viambaza vile kwa mikono yake, alisema taratibu, "Baba Bashiru, ongeza. Udongo huu mkavu, utakunywa."

"Mama Bashiru, chokaa unanifundisha mimi?"

Neno likaishia hapo. Chombo cha chokaa kikashusha madebe aliyoagiza, kikaenda zake Kilwa.

Sasa, mbao za mashua zimeshiba maji na mafuta, chokaa hukaa juu. Kiambaza hakina adabu hiyo. Mtoro alipaka ukuta wa kwanza, akafurahi, lakini ulipokauka ukawa wa kijivu, udongo unachungulia. Akarudia. Wa pili nao ukanywa. Wa tatu aliupaka maji ya kusuuzia debe. Wa nne, unaotazamana na mlango, ukabaki udongo mtupu, na wakwe walikwisha kuingia kwenye mitumbwi. Mtoro akakaa chini, masikio yanamwaka kwa aibu.

Wageni walipofika, Fatu, shangazi yake Siti, aliingia kukagua chumba kama ilivyo desturi. Akatoka, akasimama mbele ya wanaume barazani.

"Mkwe, tuliahidiwa kuta zote. Ule mmoja kulikoni?"

Hapo ndipo mtu angesema: nimekosea kupima. Watu wangecheka, mambo yakaisha. Mtoro akatoa kicheko kikavu.

"Waulizeni wanawake wa nyumba hii. Mimi nilitaka kuongeza, mama Bashiru akaniambia inatosha."

Sikudhani alikuwa papo hapo na sinia la vikombe. Akamtazama mumewe. Angeweza kumuumbua mbele ya kadamnasi, asifanye.

"Kweli," akasema. "Nilibana mno. Mniwie radhi."

Fatu akabenua midomo. Habari ikamfikia Siti kabla hajavuka kizingiti: mama mkwe wako ana mkono wa birika.

Harusi ikapita. Mtoro hakupungukiwa na kitu. Mmoja wa wakwe alimwomba hata akampimie deheni ya mashua yake, naye akaitika akitazama pembeni.

Baada ya fungate Siti akaanza kula uani na mama mkwe. Mpunga ulikubali sana mwaka huo, na Sikudhani alipika kama mtu mwenye shughuli. Mtoro, akila barazani na mwanawe, alisikia kila neno nyuma ya kiambaza.

"Ongeza, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

"Umekula nini hata ushibe?"

"Yananitosha, mama. Mengine yabaki ya kesho."

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Binti wa watu akaanza kusinyaa mashavu kwa kuogopa kuonekana mlafi mbele ya bahili. Na Sikudhani, ambaye hajawahi kumnyima chakula hata mpita njia, alikuwa akifunika wali ule kila siku.

Mtoro akalirudisha tonge sahanini. Aibu hii ilizidi ile ya ukuta, kwa kuwa hii aliitengeneza mwenyewe akijua. Akanawa, akaenda mpaka mlango wa uani, jambo ambalo baba mkwe halifanyi wanawake wakiwa wanakula, akasimama ameinamisha macho.

"Siti, mwanangu. Chokaa niliipima mimi. Mama yako aliniambia niongeze, nikakataa. Siku ile nilimsingizia."

Sikudhani hakuinua kichwa. Siti aliwatazama wote wawili kwa huruma, kama anavyotazamwa mzee mwema anayemsitiri mkewe.

"Nimesikia, baba," akasema kwa adabu, akaisogeza sahani ya wali upande wa mama mkwe.