Alama Nyuma ya Stoo ya Klabu

Mvua ya masika ya mwaka wa hamsini na saba ilipokoma, uwanja wa tenisi wa klabu ya jamii ya Wahindi pale Thika ulikuwa umeota majani ya kufika vifundoni. Kila mwaka ilikuwa hivyo hivyo. Tangu Machi hadi mwisho wa Mei wanaume walikaa barazani wakicheza karata, na Juni ikiingia wakakumbuka kwamba wana raketi. Lakini mwaka huu kulikuwa na jambo jipya. Baada ya kubishana mikutano mitatu, kamati ilikubali kwamba Jumatano alasiri uwanja utakuwa wa wanawake, na kwamba siku ya kufungua msimu wanawake wawili wa Thika watacheza na wawili kutoka Ruiru.

Maandalizi yalimwangukia Savita. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ilikuwa miezi minane tu tangu aolewe na Ramniklal, katibu wa klabu, akitoka kwa baba yake mwenye duka karibu na stesheni ya Ruiru. Tenisi alijifunza shuleni Nairobi. Katika wanawake wote wa klabu, ndiye peke yake aliyejua raketi inashikwa vipi, au ndivyo alivyodhani.

Jumatatu moja asubuhi alikwenda kutazama uwanja. Mbaluka, mtunza uwanja, alikuwa akivuta rola juu ya udongo mwekundu wa murram wenye unyevu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenyeji wa Kithimani huko Ukambani, aishiye mtaa wa Makongeni. Kazi hii aliipata miaka mitatu nyuma, pale Muigai aliyekuwa nayo kwanza alipochukuliwa na askari wa Hali ya Hatari asirudi tena. Mbaluka hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Wavu wa zamani uko wapi?" Savita alimuuliza.

"Uko stoo, mama. Nitauleta mwenyewe."

"Usiache kazi yako. Nitauchukua."

"Nitauleta mwenyewe," Mbaluka alisema tena, na tayari alikuwa ameiachilia rola.

Kama angejibu polepole, Savita asingefikiri chochote. Ile haraka ndiyo iliyomtia udadisi. Mbaluka alipoingia stoo, yeye alizunguka nyuma ya jengo kama mtu anayenyoosha miguu tu.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umepakwa chokaa, na juu ya ile chokaa kulikuwa na alama nyekundu za mviringo, kadiri ya ngumi ya mtoto. Hazikuwa tano wala kumi, zilikuwa mamia. Mtu alikuwa amechora mstari wa makaa ukutani, kimo cha kiuno, na alama karibu zote zilikuwa juu ya mstari ule. Savita aliuelewa mara moja. Ule ulikuwa wavu. Mtu alikuwa akicheza tenisi na ukuta.

Aliinama akatazama chini. Udongo ulikuwa bado laini na ulikuwa umeshika nyayo za aina mbili. Za kwanza zilikuwa kubwa, za viatu vya mpira wa gari, mguu wa kushoto ukiwa umekanyaga mbele. Za pili zilikuwa ndogo, za champali, na hizi mguu uliotangulia ulikuwa wa kulia. Mwalimu wake wa Nairobi aliwahi kuwaimbisha jambo hilo mpaka likawaingia: anayepiga kwa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto. Basi huyu mwenye champali alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kwa udogo wa nyayo zake, alikuwa mwanamke.

Za viatu vya mpira hazikumsumbua kujua ni za nani. Mbaluka alikuwa amesimama kwenye pembe ya jengo, wavu begani, akimtazama.

"Ni nani huyu mwingine?" Savita aliuliza.

"Mimi nachora mistari ya uwanja, mama. Ukuta si kazi yangu."

Alisema hivyo kwa upole, lakini mkono wake ulikuwa umeukaza wavu kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe mkali. Savita hakumwuliza zaidi. Alimwambia tu kwamba hatamwambia mtu, naye Mbaluka akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Wiki ile yote Savita aliishi kwa kutazama mikono ya watu. Kwenye chai ya klabu alimtazama Surekha, mwenzi wake wa kucheza, akimimina maziwa kwa mkono wa kulia. Alimtazama mke wa Harbans Singh, mwenye kiwanda cha mbao, akifuma sweta. Hekaluni aliwatazama waliopokea sadaka ya peremende. Wote walitumia mkono wa kulia, kama walivyofundishwa wote tangu utoto. Mumewe alimuuliza kwa nini anakodolea watu macho hivyo. Akasema anatafuta wachezaji.

Jibu alilipata siku ya Ijumaa jikoni kwake, wala hakuwa akilitafuta. Mama mkwe wake, Madhuri, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, alikuwa akikata bamia. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mnene kidogo, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka, na Savita alimwogopa. Savita alinyoosha mkono kuchukua sufuria kwenye rafu, na mfuniko wa shaba ukateleza. Haukufika chini. Ba aliudaka hewani bila kugeuza kichwa, akauweka mezani, akaendelea na bamia zake.

Aliudaka kwa mkono wa kushoto.

Savita alisimama pale na sufuria yake. Ba alikuwa akiondoka nyumbani kila alfajiri kwenda hekaluni. Hekalu na klabu vilipakana, vikitenganishwa na ua wa michongoma tu.

Kesho yake, jua lilipokuwa linachomoza, alimfuata. Kabla ya kuufikia ua alisikia sauti: pu, kimya, pu, kimya. Haikuwa sauti ya raketi aliyoizoea, ilikuwa nzito zaidi. Alichungulia. Ba alikuwa amechomeka pindo la sari yake nyeupe kiunoni, ameshika raketi kwa mkono wa kushoto, akiupiga mpira ukutani na kuungoja urudi. Uso wake ulikuwa uso ambao Savita hakuwahi kuuona nyumbani, umekunjuka kabisa. Mbaluka alikuwa amesimama hatua chache nyuma, mikono kifuani.

"Umechelewa kugeuka, mama," Mbaluka alimwambia. "Ukishaupiga tu, rudi katikati."

"Nimeona," alijibu Ba, na akaanza tena.

Tawi lilivunjika chini ya mguu wa Savita. Wote wawili waligeuka. Mbaluka aliinamisha macho, lakini Ba hakuonyesha kushtuka.

"Njoo," alimwambia mkwewe kwa Kigujarati. "Usisimame kwenye miiba."

Savita alisogea, akaomba aishike ile raketi. Ilikuwa ya zamani, mbao yake imepasuka na kufungwa waya, na nyuzi zake zilikuwa za katani iliyosokotwa. Huko ndiko ilikotoka ile sauti nzito.

"Mbaluka aliisuka," Ba alisema. "Ilitupwa na wanaume. Miaka kumi na minane nimewapelekea chai pale barazani, nimeutazama mpira ukienda na kurudi, na kila siku nilitaka kujua ukoje mkononi. Mwaka jana nilimkuta Mbaluka hapa, anacheza peke yake. Aliogopa nitamshtaki. Nikamwambia, nionyeshe."

"Na mkono wa kushoto, Ba?"

Ba aliutazama mkono wake kama kitu alichokiazima. "Nilizaliwa nao hivi. Bibi yangu aliufunga kitambaa mwaka mzima mpaka ule wa kulia ukajifunza kula. Hapa hakuna aliyeniambia nitumie upi."

Savita aligeuka kwa Mbaluka, akamuuliza kwa Kiswahili, "Hamjawahi kucheza pamoja, uwanjani?"

"Hapana," alisema Mbaluka. "Kupokezana raketi hapa nyuma ni jambo moja. Tukisimama pande mbili za wavu, mimi narudi Kithimani siku hiyo hiyo."

Savita alimwomba Ba acheze naye siku ya kufungua msimu. Ba alikataa katakata. Alisema yeye alitaka kuujua mpira, hakutaka kutazamwa. Yakaishia hapo, au yalionekana kuishia hapo.

Jumatano yenyewe ikafika. Watu wa Ruiru walikuja kwa gari la bidhaa lililofagiliwa na kutandikwa mikeka, wakashuka wakicheka. Uwanja ulikuwa mwekundu na mistari myeupe imenyooka kama imepigwa rula. Ilipofika saa tisa Surekha hakuwa ametokea. Alituma ujumbe kwamba mwanawe ameshikwa na surua. Wanaume wa barazani wakaanza kunong'onezana. Baba mkwe wa Savita, mzee Dhanji, ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu, alitoa saa yake mfukoni akasema kwamba pengine wanaume waendelee na mechi zao, na jambo la wanawake lifikiriwe mwakani.

Ba alikuwa amebeba sinia ya vikombe. Alisikia. Aliiweka sinia juu ya meza, akatembea moja kwa moja hadi kwa Mbaluka aliyekuwa kando ya uwanja na ndoo ya chokaa. Savita alikuwa karibu, akasikia walichoambiana.

"Wataniuliza nani alinifundisha," alisema Ba. "Sitadanganya. Kama hutaki, nirudi kwenye chai."

Mbaluka aliwatazama watu barazani, akatazama uwanja alioulainisha kwa mikono yake.

"Nenda," alisema mwishowe. "Na ukumbuke kurudi katikati."

Ba alivua bangili zake moja moja, akampa mke wa Harbans amshikie, akachukua raketi iliyowekwa kwa ajili ya Surekha, akaingia uwanjani.

Thika walishindwa. Hilo lisemwe wazi. Wanawake wa Ruiru walikuwa vijana na walikuwa wamefanya mazoezi, wakachukua seti michezo sita kwa minne. Lakini katika ile minne, mitatu ilitoka kwenye mkono wa Ba. Mpira wake, aliokuwa akiukata ukapinda, ulitoka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Mara mbili mchezaji mrefu wa Ruiru alikimbilia kulia, mpira ukapita kushoto kwake, akabaki akiangalia raketi yake. Barazani karata zilikuwa zimewekwa chini. Ramniklal alikuwa amesimama juu ya kiti.

Walipomaliza, mzee Dhanji aliteremka ngazi. Alimkabili mkewe.

"Umejifunza wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya stoo. Mbaluka ndiye aliyenifundisha."

Mbaluka aliiweka ndoo chini, akasimama wima.

"Mbaluka anajua tenisi?" mzee Dhanji alishangaa. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba asichokijua.

Aliyejibu alikuwa Harbans Singh, kutoka barazani. "Mzee, mke wangu ananiuliza tangu mwezi uliopita ni nani atawafunza. Mimi mwenyewe siwezi kuurudisha mpira kama huo. Mwacheni awafunze."

Wengine waliguna, mmoja akasema kanuni haziruhusu. Ramniklal, katibu, alisema kanuni hazisemi lolote juu ya mwalimu, zinasema juu ya wanachama tu. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mzee Dhanji alimwita Mbaluka, akamuuliza kama anataka kazi hiyo ya Jumatano.

"Nataka," alisema Mbaluka. "Lakini nitahitaji raketi nzima, na mtu wa kuvuta rola siku hiyo. Siwezi kufundisha na kuvuta rola kwa wakati mmoja."

Alipewa vyote viwili, ingawa raketi ilichukua wiki tatu kufika.

Usiku ule nyumbani mzee Dhanji hakusema neno mezani. Savita alidhani amekasirika. Kumbe alikuwa akimtazama mkewe akila, na alipomaliza alimuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu, kama angeweza kumwonyesha jinsi ule mpira unavyokatwa ukapinda. Ba alinawa mikono, akamwambia, "Itabidi uamke mapema."