Kilima Kabla ya Tope

"Funga pazia, Esteria. Jua linanifichia mlima."

Nikafunga. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha ofisini, kaniki kiunoni, ameikodolea macho kompyuta. Kwenye skrini kilisimama kilima chetu cha juu ya Malindi, ile ya Usambara, kama kilivyokuwa kabla mvua za masika hazijakiporomosha juu ya nyumba yetu, na juu ya mdogo wangu Fanueli aliyekuwa amelala ndani. Mama alinusurika kwa sababu alikuwa kwangu Lushoto, amekuja kutibiwa macho.

Nikikumbuka siku zile, hasira hunijia kwanza, machozi baadaye. Wanaume walichimba wiki nzima pale lilipoonekana bati letu jekundu. Jamani, bati! Sisi watu wa milimani tunajua fika kwamba tope hubeba bati likalitupa linakotaka, lakini msiba hupumbaza. Hawakupata hata sufuria. Ndipo baba mkubwa Kristofa akakata shauri: katika ukoo wetu, asiyepatikana huzikwa mgomba badala yake. Utavikwa sanda, utaombewa, matanga yaanuliwe.

"Mimi sikuzaa mgomba," Mama akamwambia. "Nionyesheni mwanangu alipo."

Basi nikafanya kazi ninayoijua. Ofisini tuna ramani ya zamani ya kontua, ile mistari ya kahawia inayouzungukazunguka mlima, kila mmoja ukifuata kimo chake. Niliifuatisha kwa kipanya, mstari baada ya mstari, nikiuandikia kila mmoja kimo chake, na kompyuta ikakisia ardhi iliyo katikati mpaka kilima kikainuka. Mistari ilipobanana ndipo ilipokuwa ngema, ule mteremko wa kusimama tuliokatazwa kuchezea. Ilipoachana ndipo palipokuwa na uwanja wetu. Nililia hapo, wala sioni haya kusema.

"Kigeuze," Mama akasema. "Tuwe kama tunatokea kanisani."

Nikakigeuza. Akainama, akaanza kujisemea Kishambaa, akitaja shamba la jirani yetu Stephano, kisha kisima, kisha mipea yetu. Kidole chake kikatua.

"Mlango wetu huu hapa."

Palikuwa mbali kabisa na lile bati. Mama akainuka, akajifunga kaniki vizuri. "Twende wakachimbe. Sasa hivi."

"Ngoja kwanza, Mama."

Wenzangu walikuwa wamerusha droni juu ya tope, kwa hiyo kilima cha sasa nilikuwa nacho pia. Nikatoa kimo cha kile cha zamani katika kimo cha hiki cha sasa, palepale penye kidole chake, nijue tope limejaa kiasi gani. Jibu lilipotoka nilitamani kuzima kompyuta. Jembe lisingefika huko, na njia ile haipandishi mashine.

"Usinifiche," Mama akasema.

"Kina chake ni kama mnara wa kengele wa kanisa letu, Mama. Na zaidi."

Hakulia. Alikaa tena, akaniuliza kama Fanueli alisikia kilima kikija. Nikamwambia usingizi mzito wa mwanawe anaujua mwenyewe. Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile liliniumiza kuliko kilio chochote. Kweli, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Mpigie baba yako mkubwa," akasema mwishowe. "Akate huo mgomba. Lakini kaburi liwe hapo juu ya mwanangu, siyo kule kwenye bati lao."

Jumamosi nilitangulia na simu yenye ramani ile mkononi, nikitafuta mlango wetu juu ya tope tupu lililoanza kuota majani. Nikasimama, nikawaambia ni hapa. Hakuna aliyebisha. Wakachimba, mchungaji akaomba, mgomba ukashushwa ndani ya sanda yake.

Wa kwanza alipochota udongo, Mama akamshika mkono. Alivua kanga aliyojitanda mabegani, akashuka kaburini, akapiga magoti, akaufunika mgomba ule toka juu hadi chini, akichomekea pembeni.

"Shemeji, sanda inatosha," baba mkubwa akamwambia taratibu.

"Fanueli anaona baridi," Mama akamjibu, akaendelea kuchomekea.