Matabishi ya Hilaire

Mke wangu Shiko alinunua gari la mbio wakati bado ana afya yake, na Kakuma nzima ikacheka. Ilikuwa na haki ya kucheka. Katika mji wa Land Cruiser na ngamia, mama wa duka la vitenge anashuka kutoka kwenye kitu cheusi kilicholala chini, kinachonguruma mpaka mbuzi wanahama barabara wenyewe. Mimi ni mtu wa ofisi ya maji, mtu wa hasira za karibu, na gari lile nililipigia kelele tangu siku ya kwanza. Shiko akanionyesha karatasi alizopewa Nairobi: lilikuja na waranti ya nyongeza, inayobeba mpaka shoki na springi. Kisha akaniambia nipunguze mdomo.

Halafu saratani ikaingia kwenye uti wa mgongo wake, na gari nililolitukana likawa kitanda chake.

Shoki zake ziliongozwa na kompyuta. Kulikuwa na kitufe cha mbio na kitufe cha ulaini, na ukibonyeza hicho cha pili, hata chai haikumwagika kikombeni. Nyumbani Shiko hakupata usingizi. Kila godoro lilimchoma. Kwa hiyo alasiri nilikuwa namlaza kwenye kiti cha mbele, nashika lami ya Lokichoggio kwa mwendo wa harusi, na baada ya muda mfupi alikuwa amelala, mdomo wazi. Nilikuwa naendesha huku machozi yananitoka, na sioni aibu kulisema.

Madaktari walipoishiwa na maneno, alitaka kitu kimoja tu: afikishwe Ol Kalou, mbali kusini, kwa mama yake, afie huko. Mama mwenyewe ni mzee, magoti yamemkataa, hawezi kuja. Shirika la ndege lilikataa kumbeba kwa kuwa hawezi kukaa wima. Ambulensi tuliijaribu, ni ngumu kama lori la mchanga, na alizimia kabla hatujatoka mjini. Likabaki gari lake. Daktari alinivuta kando akasema kama ni safari, iwe mwezi huu huu.

Hapo ndipo nilipompelekea Hilaire lile gari.

Hilaire ni fundi Mkongomani, mtu wa Uvira, na gereji yake iko ndani ya kambi ya wakimbizi, nyuma ya kanisa lao. Nilimwomba aangalie breki na matairi basi. Nilimwonya asiguse shoki, kwa sababu waranti inataka ziguswe na gereji moja tu iliyoidhinishwa, nayo iko Lodwar. Alinielewa vizuri. Lakini Hilaire ana desturi ya kwao ambayo haachi hata umfunge kamba: mteja haondoki na kile alichokilipia peke yake, lazima apewe cha juu. Wao hukiita matabishi. Ukinunua samaki kwa mkewe, Félicité, anakutupia dagaa kiganja kizima. Ukitengenezewa breki na Hilaire, unaoshewa gari, au unakuta mlango uliokuwa unalia umenyamaza.

Nilipokwenda kulichukua, gari lilikuwa limesimama juu kuliko nilivyoliacha, kwa upana wa vidole vitatu. Alikuwa amechonga spesa, vipande vya alumini vya kuinulia gari, kwa mkono, akazipachika juu ya springi za magurudumu yote manne. Kazi ilikuwa safi.

"Ile iko matabishi, papa Wasike," aliniambia. "Mama hawezi pita mu ile mawe ya Kainuk na gari iko chini vile. Shoki sikugusa. Niliinua tu."

Na mimi nikaona ni kweli, hakugusa shoki. Huku kwetu nani anasafiri na gari ambalo halijainuliwa? Shiko alilichungulia kupitia dirishani akacheka, kicheko nilichokuwa nimeshakisahau, akasema sasa limerefuka kama Mturkana. Akamshika Hilaire mikono yote miwili akamshukuru.

Tuliondoka asubuhi. Tulipokaribia Lodwar taa nyekundu ikawaka, na upande wa mbele wa kushoto ukazama taratibu mpaka tairi likaanza kukwaruza. Kuanzia hapo kila kokoto liliingia mgongoni mwa Shiko. Sauti aliyotoa sitaieleza. Tulijikokota mpaka nyumbani kwa rafiki yake Jepkoech, muuguzi wa Lodwar, tukamlaza, nami nikalipeleka gari kwenye gereji ya waranti. Shoki ilikuwa inavuja mafuta. Nikapiga simu Nairobi, na binti mwenye sauti ya asali akaniambia nisiwe na wasiwasi, mkaguzi anakuja na ndege, na shoki mpya anakuja nazo.

Mkaguzi alifika na sanduku refu lililofungwa utepe. Alikuwa kijana mpole, akawasalimu mafundi kwa Kiturkana, "ejok" mpaka wakatabasamu, na upole wake ndio ulionikera zaidi baadaye. Akalala chini ya gari na tochi. Alipotoka, hakuniangalia usoni. Aliangalia zile spesa.

Alinieleza bila dharau. Kompyuta inapima kimo cha gari. Ukiliinua, shoki inafanya kazi imenyooka kupita kiasi mpaka inapasuka. Labda ni kweli. Labda ingepasuka tu hata bila hizo, maana gari si jipya. Mpaka leo sijui. Lakini karatasi ilisema kitu chochote kikiongezwa, shoki na springi zinatoka kwenye waranti. Injini bado ilikuwa inalindwa mpaka mwaka ujao, aliniambia, kana kwamba ananipa pole. Nikamwomba nizinunue zilizomo sandukuni. Si za kuuza, akasema, ni mali ya kampuni. Ningeagiza zangu ng'ambo ningengoja miezi miwili, na Shiko hakuwa na miezi miwili.

Nadhani alinionea huruma, kwa sababu alinifuata nje. Akasema kuna njia moja. Nikienda polisi, niseme fundi aliharibu gari bila idhini yangu, na karatasi ipigwe muhuri, basi kampuni ingemdai huyo fundi na sanduku lingefunguliwa siku hiyo hiyo.

Na haukuwa uongo, hilo ndilo lililonitesa. Hilaire hakuniuliza. Nilijua pia kinachompata mkimbizi jina lake likiandikwa kituoni, lakini maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikaenda kumwambia Shiko, funguo tayari mkononi.

Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ulimwambia asante?" akauliza.

"Nilimwambia."

"Na mimi nilimshika mikono. Basi tulipokea, Wasike. Usinipeleke kwa mama nikiwa nimemkalia mtu mgongoni."

Nilimfokea. Nilimfokea mtu anayekufa, nikamwambia huruma yake itamzika Lodwar, kwenye mchanga, mbali na kila mtu wake. Jepkoech alinitoa nje kwa mkono. Jioni ile mkaguzi alipanda ndege na sanduku lake, utepe haujakatwa.

Nilimpigia Hilaire nikamtukana mpaka pumzi ikaniishia. Yeye alisema tu, anakuja. Aliomba kibali cha kutoka kambini, na kilipotoka akafika na wanaume watatu wa kwaya yao na springi za pikapu kwenye gunia. Akatoa spesa zake mwenyewe, moja moja, akaziweka chini bila kuzitazama. Shoki za kompyuta hakuwa nazo, na hakuna fundi duniani anayeweza kuzichonga. Alifunga alichokuwa nacho. Gari likasimama sawasawa, likapendeza kwa macho.

Tulimlaza Shiko ndani, tukashika barabara ya Lokichar kujaribu, Hilaire na wenzake nyuma yetu kwenye pikapu ya kukodi. Alijikaza. Aliuma kitambaa. Tulipofika mahali lami ilipoanza kubanduka akanigusa goti, akasema turudi. Hakusema kwa hasira. Tuligeuka, nami nilijua tumegeuka kabisa, hatutaishika tena barabara ile.

Njia ya kuingia kwa Jepkoech ni mchanga na mawe. Tulipofika mwanzoni mwa njia hiyo, Shiko akaomba nizime injini, hawezi tena, hata hapo palipobaki. Nikakaa na usukani mkononi kama mjinga. Hilaire na wenzake wakashuka wakakata fito mbili kwenye ua wa Jepkoech, wakafunga blanketi katikati. Kipoyi, waliniambia, huko milimani kwao ndivyo mgonjwa anavyobebwa. Wakamtelezesha humo polepole, wakamwinua mabegani, wakatembea kwa hatua moja, mmoja wao akiimba chinichini ili miguu isipishane.

Nilitembea kando yake. Uso wake ulikunjuka. Sijawahi kuona kitu kinachopita kwenye mawe kwa utulivu ule. Ile mbio na ile kompyuta na kile kitufe cha ulaini havikufikia mabega yale. Mlangoni akafumbua macho.

"Hilaire, mnaweza kunifikisha Ol Kalou hivi?"

Hilaire hakucheka, wala hakumchukulia kuwa amechanganyikiwa. Alifikiri kwanza.

"Mama, kama ni miguu, tungefika," akasema. "Lakini karatasi yetu inaishia Lodwar."

Walimlaza kitandani. Hilaire alitoka nje, akaketi ukutani, akajifunika uso kwa ile mikono yake yenye grisi, nami nikaenda nikaketi karibu naye kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuketi. Matusi yote yalikuwa yameniisha.

Kesho yake Shiko aliomba simu. Mama yake alikuwa ameshafua mablanketi na kumwambia kila jirani. Shiko aliongea naye Kikuyu, taratibu, sauti ameirembesha, na nilichoelewa ni kwamba gari limepata shida kidogo, lakini lina waranti, wenyewe wanalitengeneza. Kisha mkono ukamchoka, akanipa simu.

"Wasike," mama akasema, "ni kweli hiyo gari iko na waranti?"

Shiko alikuwa ananitazama.

"Iko, mama. Mpaka mwaka ujao."

"Basi hakuna haraka," akasema. "Mje polepole."